Kabla ya Kuuliza Bei ya Chumba, Uliza Bahari Inajaa Saa Ngapi

Safari yetu ya kwanza ya familia kwenda Unguja tulikuwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Fedha tuliziweka kidogo kidogo karibu mwaka mzima. Nyumba niliichagua mwenyewe nikiwa Morogoro, kwenye simu, kwa sababu ya picha moja tu: maji ya kijani ya bahari yamefika hadi kwenye ngazi za baraza, na mnazi umeinama juu yake. Tulifika Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki, usiku. Kesho yake saa nne asubuhi watoto walitoka mbio na nguo zao za kuogelea, wakafika ngazini, wakasimama. Bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga mweupe, madimbwi na majani, na mbali sana, kwenye mwamba, mstari wa mawimbi.

Picha haikudanganya. Ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Siku zote nne tulizokaa pale maji yalirudi alasiri, watoto wakiwa wameshachoka kusubiri, na tulipoondoka nilikuwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akinishukuru.

Tangu hapo nimekwenda tena mara tatu. Siku hizi ndugu na marafiki wa bara wakinipigia kuniuliza hoteli ipi nzuri, nami huwauliza mambo mawili kwanza: unakwenda tarehe ngapi, na unakwenda na nani?

Tarehe kwanza. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Hilo wengi tunalijua tangu darasani. Jambo ambalo sikulijua mpaka mzee mmoja wa Jambiani aliponieleza, huku akishona wavu, ni kwamba saa hizo zina mpangilio unaojirudia. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndipo penye bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita meta tatu. Katika siku hizo, Unguja maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne au tano, asubuhi na usiku. Baada ya wiki moja huja maji mafu, na mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, na yanapopwa jioni hayaendi mbali. "Mama, nyinyi mmekuja na bamvua," aliniambia. "Wanao wanataka asubuhi, bahari inataka alasiri."

Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani, inakutosha kabisa kupanga. Siku zinazofuata tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua. Siku zinazozunguka tarehe 8 na tarehe 22 ni maji mafu. Mwenye watoto wadogo wanaoamka saa kumi na mbili na kusinzia saa nane mchana anahitaji maji ya asubuhi, basi ufukwe wa mashariki aende siku za maji mafu. Ukishindwa kubadili tarehe, kwa sababu likizo ya shule ni hiyo na ruhusa ya kazini ni hiyo, badili upande wa kisiwa.

Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba uko mbali na nchi kavu, na katikati ni maji ya kina kifupi juu ya mchanga tambarare. Ndiyo maana yakipwa, yamepwa kweli. Kaskazini, Nungwi na hasa Kendwa inayotazama magharibi, pwani inashuka upesi zaidi, kwa hiyo hata maji yakipwa bado unaogelea. Safari yetu ya pili tulikwenda Kendwa, na kwa watoto ilikuwa raha tupu: asubuhi majini, mchana majini, jioni wanatazama jua likizama baharini.

Lakini Kendwa na Nungwi zina mambo yake. Usiku kuna muziki, na karibu na mwezi mpevu kuna disko la ufukweni ambalo huvuta watu kutoka kisiwa kizima. Ukiwa na mtoto mchanga au mzee anayelala mapema, uliza chumba chako kiko umbali gani na spika. Mchana wapo papasi, vijana wanaouza safari za mashua na vinyago, nao hawachoki. Wasalimie, wajibu kwa Kiswahili, waambie hapana kwa adabu. Ni watoto wa watu wanaotafuta riziki, na mara nyingi mmoja wao ndiye atakayekuonyesha mahali samaki wanaponadiwa kila siku.

Upepo nao usiusahau. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia kwenye kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki, na kusi hupiga moja kwa moja pwani ya mashariki. Huko Paje wageni wa mchezo wa kuteleza majini kwa tiara huupenda kwa sababu hiyohiyo itakayomfanya bibi yako ajifunike khanga mbili barazani. Kusi pia huleta majani mengi ya baharini ufukweni. Boti kutoka Dar es Salaam hutumia saa mbili hivi, na wakati wa kusi zinaweza kuwa saa mbili ngumu kwa mtoto aliyeshiba chai na chapati. Wape wale kidogo, wakae katikati ya boti, na mifuko iwe mkononi.

Sasa swali la pili: unakwenda na nani. Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, maana nyumba nzuri kwa wanandoa wapya inaweza kuwa adhabu kwa mama mkwe.

Safari ya pili tulianza na usiku mbili Mji Mkongwe, kwa sababu nilitaka watoto waone bustani ya Forodhani, wanywe urojo, ile supu ya Kizanzibari, na wavuke kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Nyumba ilikuwa ya kale, milango ya kuchonga, dari ya boriti, kila mtu anaipiga picha. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwenda juu, na ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima. Mama alipanda mara moja jioni ile, akashuka mara moja kesho yake, na katikati hapo hakutoka. Hakulalamika. Nilimkuta dirishani akiangalia watu kichochoroni, akaniambia, "Nendeni tu, mwanangu, mimi nawaona kutoka hapa." Maneno hayo bado yananiuma. Sasa nikiandika kuomba chumba cha mjini, jambo la kwanza ninaloandika ni chumba cha chini, na kama hakuna cha chini natafuta nyumba nyingine hata kama ina dari ya saruji. Uliza pia gari linafika wapi. Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, na mizigo huchukuliwa na mikokoteni. Kwa kijana ni mwendo mfupi wa kupendeza, kwa mwenye magoti mabovu ni safari.

Mtoto wa miaka miwili hadi mitano ana mahitaji yake. Bwawa la kuogelea zuri pichani ni hatari kama mlango wa chumba chako unafungukia juu yake bila uzio. Kwenye pwani ya mashariki maji yakipwa, wapo viumbe weusi wenye miiba mirefu kwenye miamba na majani, kwa hiyo kila mtu avae viatu vya mpira. Mkitembea kuelekea mwambani, rudini kabla maji hayajaanza kujaa, maana hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu. Kwa watoto wakubwa, hata hivyo, bahari iliyopwa ni shule. Mkubwa wangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikaa asubuhi nzima akiwaangalia kina mama wa Jambiani wakifunga mwani kwenye kamba na vigingi, kisha wakamruhusu asaidie. Tuliomba ruhusa kwanza, na hatukupiga picha mpaka walipokubali. Wako kazini pale.

Kisha suala la afya, ambalo hakuna anayelipenda kulifikiria akipanga likizo. Usiku mmoja mtoto wa kati alipata homa kali saa nane, na nyumba tuliyokuwamo haikuwa na gari wala namba ya dereva. Mlinzi alikwenda kumgongea jirani yake mwenye gari, Mungu ambariki. Tangu siku ile nauliza kabla ya kulipa: usiku tukipata mgonjwa, gari linatoka wapi, na hospitali iliyo karibu ni ipi? Mjini ipo Mnazi Mmoja, ambayo ni hospitali kubwa ya rufaa. Kaskazini ipo Kivunge. Kusini ipo Makunduchi. Mwenye nyumba anayejibu swali hilo bila kusitasita, huyo ameshapokea familia.

Kuna mjadala wa kila mara: hoteli, au nyumba nzima ya kupanga yenye jiko? Kwa hesabu ya fedha, familia ya watu sita mara nyingi huokoa kwa kuchukua nyumba. Samaki unamnunua ufukweni, nazi ziko jirani, na watoto wakiwa na njaa saa kumi na moja hakuna wa kusubiri. Lakini nitasema wazi ninachoamini: nyumba yenye jiko ina gharama isiyoandikwa kwenye ankara, na anayeilipa ni mama. Safari ya tatu tulichukua nyumba, na kila asubuhi nilikuwa ninakuna nazi na kuosha sufuria kama nyumbani, mpaka mume wangu aliponiuliza ni lini nitaingia majini. Sasa tukichukua nyumba tunaweka fungu la mpishi wa kijijini, walau kwa chakula cha mchana na usiku. Wapo wapishi hodari kila kijiji, na pweza wa nazi utakayemla hapo hutamsahau. Ukila kwenye hoteli ndogo za ufukweni, agiza chakula cha mchana asubuhi, kwa sababu wengi hupika kwa kuagizwa, na saa moja na nusu ni ndefu sana kwa mtoto.

Mambo madogo: maji ya visima vya pwani huwa na chumvi, sabuni haitoi povu vizuri, basi nunua madumu ya maji ya kunywa na kupikia uji. Uliza jenereta. Uliza chandarua kwa kila kitanda, si kimoja tu cha wazazi. Uliza bei ya mkazi, kwa shilingi, na uoneshe kitambulisho; hoteli nyingi zinayo ingawa tovuti inaonyesha dola tu. Mkienda Ramadhani, jueni kwamba mchana vijijini na mjini watu wamefunga, kwa hiyo chagueni mahali panapopika ndani kwa ajili ya wageni. Na mkitoka ufukweni kuingia kijijini, jifunikeni. Pale ni nyumbani kwa watu.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, ninaomba kitu kimoja. Ninamwomba mwenye nyumba anitumie video ya simu, ya siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, akitoka mlangoni mwa chumba chetu hadi anapogusa maji. Video moja inaonyesha ngazi, uzio wa bwawa, baa ya jirani, majani, na mwendo wenyewe. Wawili walikataa, nikaachana nao. Watatu walikubali, na mmoja wao alirekodi huku akihesabu hatua kwa sauti.

Huyo wa kuhesabu hatua ndiye tuliyemwendea safari ya nne. Nyumba ilikuwa Jambiani, kijiji kilekile, si mbali na ile ya kwanza. Watoto walinung'unika nilipotaja jina. Lakini safari hii nilikuwa nimefungua kalenda, na tulifika tarehe 7 ya mwezi wa Kiislamu. Chumba cha mama kilikuwa chini, hatua ishirini na mbili kutoka majini. Kesho yake, saa tatu na nusu, maji yalikuwa yanapanda taratibu juu ya mchanga, ya vuguvugu, hayana wimbi. Mume wangu alichukua kiti cha plastiki cha barazani, akakizamisha miguu majini, akamshika mama yake mkono. Mama akakaa. Maji yalimfika magotini, na hakutaka kutoka mpaka saa sita.