Bastola ya mashindano inagoma Malindi: ni risasi, springi au chumvi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mkaazi wa Malindi, nyumba yangu iko upande wa Casuarina, mawimbi nayasikia nikiwa kitandani. Nina cheti cha kumiliki silaha na huu ni mwaka wa pili nashiriki mashindano ya shabaha. Bastola yangu ni CZ Shadow 2 ya milimita 9. Mwaka jana nilibadilishiwa springi ya nyundo nikawekewa ya ratili 11 na nusu ili triga iwe laini. Tangu masika imeanza kugoma. Mazoezi ya juzi nilipiga risasi 200, na 9 hazikulia. Nilipozigonga tena, 7 zikalia na 2 zikakataa kabisa. Hizo 2 zilitoka kwenye magazini iliyokaa nyumbani imejaa tangu Ramadhani. Nakutumia picha ya vitako vyake, pamoja na kimoja cha zile 7 nilichokipiga picha kabla ya kukigonga mara ya pili. Jambo lingine, naona madoa ya kutu kwenye slaidi na chini ya vibao vya mshikio, ilhali naipaka mafuta kila wiki, tena mengi, na kuihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi. Rafiki yangu anasema risasi za dukani ndizo mbovu, ninunue mashine nijaze maganda yangu mwenyewe. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwanza ahsante kwa kuhesabu. Nikiulizwa habari za bastola inayogoma, mara nyingi naambiwa "inasumbuasumbua tu", nami nabaki kupiga ramli. Wewe umeniletea 9 kwa 200, na ukaniambia 7 zililia zilipogongwa tena. Jibu limejificha hapo.

Risasi iliyoingiwa na unyevu au mafuta haifufuki kwa kugongwa tena. Kifataki, kile kiduara cha kitakoni mwa ganda, kikishaharibika dawa yake kimekufa, hata ukigonge mara kumi. Risasi inayokataa mara ya kwanza kisha ikalia mara ya pili ina kisa kingine: ama pigo la kwanza lilikuwa dhaifu, ama kifataki hakikukaa sawasawa ndani ya tundu lake, pigo la kwanza likaishia kukisukuma na la pili ndilo lililokiwasha. Zako 7 ni za kundi hili. Zile 2 ni za kundi la wafu. Kwa hiyo una magonjwa mawili, na rafiki yako anakupa dawa ya ugonjwa wa tatu.

Nimezitazama picha zako kwa makini. Kwenye zile 2 alama ya pini, kile kijiti kinachosukumwa na nyundo kugonga kifataki, ni shimo la duara lenye kina, kama umebonyeza ncha ya kalamu kwenye unga wa chapati. Nyundo ilifanya kazi yake, kifataki ndicho kilichonyamaza. Kwenye ile ya tatu naona kijibonyeo tu, mithili ya ukucha wa mtoto mchanga. Pini ilifika imechoka.

Kwa nini imechoka? Springi ya ratili 11 na nusu si kosa yenyewe. Wapigaji wengi wa mashindano wanaitumia, lakini huchagua risasi zenye vifataki laini, na wengi huweka pini ndefu kidogo kuliko ya kiwandani. Vifataki havilingani ugumu; vya risasi za kijeshi kwa kawaida ni vigumu zaidi. Ukipunguza nguvu ya nyundo umejiondolea akiba yote uliyokuwa nayo, na kitu chochote kidogo kikiingia njiani bastola itagoma. Hicho kitu kidogo umekitia mwenyewe, kila wiki, kwa mkono wako: mafuta.

Pini husafiri ndani ya mfereji mwembamba katika slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza. Mafuta unayomimina juu huteremka humo, yakakutana na masizi ya baruti na vumbi la mchanga, yakawa mazito kama shira ya ubuyu. Pini iliyotakiwa kuruka sasa inaogelea. Mpelekee fundi mwenye leseni aitoe pini na springi yake, asugue mfereji kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, akaushe, arudishe vikavu bila tone la mafuta. Nasisitiza vikavu, kwa sababu hata mafundi wengine hushindwa kujizuia. Kisha piga risasi 100 kabla ya kugusa springi. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kilikuponya. Zikigoma tena kwa alama zile zile hafifu, hapo rudisha springi ya kiwandani. Triga itakuwa nzito kidogo, lakini risasi moja iliyogoma katikati ya mashindano itakula muda mwingi kuliko ule uliouokoa kwa triga laini.

Zile 2 zilizokufa nazo zimeuawa na mafuta hayo hayo. Mafuta mepesi hutambaa. Hushuka kwenye magazini, yakapata pengo dogo kati ya kifataki na ganda, yakapenya. Risasi za kijeshi huzibwa pale kwa rangi maalumu, ndiyo ile duara nyekundu au kijani unayoiona kitakoni. Nyingi za mazoezi hazizibwi. Ndani ya magazini futa kwa kitambaa kikavu tu, na risasi za akiba usiziache humo miezi.

Nisisahau hili, na ulisome mara mbili. Risasi ikigoma mazoezini, mdomo wa bastola ubaki kwenye shabaha na uhesabu hadi 30 kabla ya kuvuta slaidi, maana nyingine huchelewa tu. Na siku utakaposikia "pu" badala ya "pa", simama hapo hapo. Usipige nyingine. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikikifuata itapasua mtutu mkononi mwako. Risasi iliyonyonya mafuta kidogo bila kufa kabisa ndiyo yenye tabia hiyo.

Sasa kutu. Shadow 2 ni chuma mwili mzima, fremu na slaidi, ndiyo maana ni nzito na tulivu mkononi. Wenzako wenye fremu za plastiki wana nusu ya shida yako. Unashangaa kutu inatoka wapi na mafuta unapaka. Mvuvi wa Shela angekujibu bila kufikiri: akirudi baharini, injini ya mashua anaisuuza kwanza kwa maji baridi ya kisima, mafuta baadaye. Chumvi huyeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifunika blanketi, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi. Msimu wa kusi, nyumba iliyo karibu na ufuo kama yako, hewa huwa juu ya hapo usiku kucha. Kile kivumbi cha bahari kinachokaa kwenye vioo vya madirisha yako kinakaa pia kwenye slaidi, na kila usiku kinajitengenezea tone lake la maji ya chumvi. Ongeza jasho la kiganja, ambalo nalo ni chumvi.

Kwa hiyo nitakuambia jambo litakalokutisha: ioshe bastola. Hakikisha magazini imetoka na chemba ni tupu, itazame kwa macho na uipapase kwa kidole. Ifungue kama unavyoifungua kuisafisha, ukitoa na vibao vya mshikio kwa sababu kutu yako imejificha pale. Kama una saiti ya umeme, iondoe. Mimina maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya kununua, yaliyopashwa moto mpaka mkono unavumilia kwa shida. Ya kisima cha karibu na ufuo yana chumvi yake. Maji ya moto hukauka upesi. Futa, puliza kwenye vijitundu, acha ikauke kabisa, ndipo upake mafuta, utando tu, kiasi cha kidole kuteleza bila kuacha alama ya unyevu. Wanajeshi wa zamani walifanya hivyo hivyo: vifataki vya enzi hizo viliacha chumvi ndani ya mtutu, wakawa wanaumiminia maji moto baada ya kila siku ya kupiga. Si lazima ufanye hivi kila wiki. Fanya ukirudi kutoka shabaha ya siku ya jasho, au upepo ukiwa umevuma kutoka baharini kutwa.

Kitu kingine ni eyakondisheni. Ukishuka kwenye gari lenye baridi miwani ikafunga ukungu, jua bastola kiunoni nayo imetoka jasho, nje na ndani. Iache kwenye sanduku lililofungwa mpaka ipate joto la nje, kisha ndipo uifungue.

Mkoba wa ngozi, kijana wangu, ni kikulacho ki nguoni mwako. Ngozi hunyonya jasho na unyevu ikaushikilia, na ina masalio ya chumvi na asidi za kutengenezea ngozi. Vaa kama unaupenda, lakini usilaze bastola ndani yake. Sanduku lenye sifongo nalo ni vivyo hivyo. Ndani ya sefu iweke wazi, juu ya kitambaa chenye mafuta kidogo. Mama zetu hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi isigande. Wewe tumia zile punje za silika badala ya mchele, kwa sababu mchele una vumbi na huleta wadudu. Nunua zinazobadilika rangi, uzikaushe kwenye oveni zikionyesha zimeshiba. Risasi nazo ziweke kwenye kopo la chuma lenye mpira mfunikoni, pamoja na punje hizo hizo, na kamwe usiziache kwenye buti la gari juani.

Twende kwa mashine ya rafiki yako. Cheti cha kumiliki bastola si ruhusa ya kutengeneza risasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu hata idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Kabla hujanunua hata bolti moja ya mashine hiyo, ulizia Bodi ya Leseni za Silaha, na upate jibu kwa maandishi. Mimi nisingekushauri ujaribu kwa sasa, hata ukiruhusiwa.

Sababu moja ni hesabu za mashindano. IPSC, shirikisho la mashindano ya shabaha lililoanzishwa Missouri, Marekani, mwaka 1976, hupima nguvu ya risasi hivi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, mara mwendo kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1000. Kiwango cha chini ni 125. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1050 kinatoa 130.2, uko salama. Kikishuka hadi futi 1000 ni 124 kamili, na utaruhusiwa kuendelea kupiga lakini alama hazihesabiwi. Futi 50 hupotea kirahisi sana kwa anayejifunza, hasa pwani ambako baruti iliyoachwa wazi hubadilika na unyevu. Na akizidisha upande wa pili, si alama tena zitakazopotea, ni vidole.

Nyingine ni maganda yenyewe. Shaba iliyookotwa mchangani huja na chumvi na mikwaruzo. Tena kuna adui ambaye watu hawamjui: amonia. Karne ya 19 jeshi la Uingereza kule India lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua, na maganda yakawa yanapasuka yenyewe bila kupigwa. Ilikuwa 1921 watafiti walipoeleza kwa uhakika kwamba ni amonia ya mikojo ya farasi ikila shaba iliyokuwa na mkazo ndani yake. Nacheka nikikumbuka jamaa mmoja wa Lamu aliyeniletea sanduku la risasi lililokaa miaka chumba kimoja na punda wake. Nilimwambia nitaziangalia nikiwa mbali. Dawa nyingi za kung'arishia shaba nazo zina amonia, kwa hiyo usizitumie kwenye risasi hata kwa urembo.

Risasi za dukani kwako hazina hatia, isipokuwa ukikuta boksi moja lenye vifataki vilivyotokeza. Pitisha kidole juu ya kila kitako. Kifataki kiwe usawa mmoja na kitako au chini yake kidogo. Ukihisi kimekwaruza kidole, boksi lote lirudishe ulikonunua.

Zile 2 zilizokufa usizitupe jaani wala baharini. Bado ni risasi na bado zimo kwenye hesabu yako. Mkabidhi muuzaji mwenye leseni aziharibu. Na ukishapiga 100 baada ya kusafisha mfereji, niandikie ngapi zimegoma, na kati ya hizo ni ngapi zililia mara ya pili.