Mama ana saratani ya titi, mbona hawampasui?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Mama yangu ana miaka 54. Ana uvimbe wa ukubwa wa limau kwenye titi la kushoto, ngozi ya juu yake imevutika, na kwapani kuna tezi. Kinyama kilipopimwa ikaonekana ni saratani. Dar es Salaam wamesema aanze na dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, kwa miezi kadhaa, apasuliwe baadaye. Mjomba anasema tunapotezewa muda, amepata mahali watakapomkata wiki hii. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba. Mjomba ana uchungu na dada yake, simlaumu. Ila kwa uvimbe ulioshika ngozi na kufika kwapani, kisu cha haraka ndicho kinachopoteza muda.

Sisi wapasuaji hatutafuti kutoa uvimbe tu. Tunataka utoke umezungukwa na nyama nzima pande zote. Mtaalamu wa patholojia hupaka wino kingo za nyama tuliyotoa, kisha huitazama kwa darubini: wino ukikutwa umegusa saratani, huenda nyingine tumeiacha kifuani. Mama akikatwa leo, kingo safi zitapatikana kwa shida, na ngozi ya kufunga kidonda huenda isitoshe. Kidonda kikikawia kupona, kemo nayo inasubiri, na chembe za saratani zilizokwisha toroka mwilini hazisubiri.

Kemo ikitangulia, mara nyingi uvimbe husinyaa na ngozi ikaachia. Tena tunapapasa kwa mikono yetu kujua kama dawa inafanya kazi. Uvimbe ukizidi kukua huku dripu zinaendelea, mpango unabadilishwa. Ukishautoa, kipimo hicho umekitupa.

Uamuzi huo haufai kuwa wa mtu mmoja, hata mpasuaji awe hodari vipi. Hukaa jopo: mpasuaji, wataalamu wa dawa za saratani na mionzi, wa patholojia na wa picha. Ulizeni kama kesi ya mama imepita joponi, na kama kinyama kimepimwa vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni pamoja na HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani kukua. Majibu hayo ndiyo yanayochagua dawa.

Mahali alipopata mjomba sipajui. Ninachojua ni kwamba nimepokea wagonjwa waliokatwa kwa haraka, nyama ikatupwa, au ikaletwa kwenye chupa ya maji. Nyama hutakiwa iingie kwenye fomalini, dawa ya kuzuia isioze, ya asilimia 10, ujazo kama mara kumi ya nyama yenyewe. Ikishaoza haisemi kitu, nasi tunabaki kubahatisha.

Jambo moja huwapoteza wengi. Baada ya dripu chache uvimbe unaweza usishikike tena, mgonjwa akaona kapona, akarudi zake nyumbani. Asifanye hivyo. Usiposhikika kwa vidole, darubini bado inaweza kukuta mabaki, kwa hiyo upasuaji uko palepale, kwa kawaida wiki 3 hadi 6 baada ya dripu ya mwisho, chembe nyeupe za damu, ambazo kemo huzishusha, zikishapanda.

Kwa hali mliyonieleza, baada ya hapo huenda ikafuata mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki 3 hadi 5. Hiyo si safari ya waja leo waondoka leo. Anzeni sasa kutafuta ndugu wa kumpokea Dar es Salaam.