Fundi anasema ninunue altaneta, kweli?

Ndugu, gari kugoma kuwaka asubuhi si ushahidi kwamba altaneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, imekufa, hata kama fundi ameshakutajia bei. Mtafute fundi umeme mwenye mita ya volti. Gari likilala limezimwa, betri nzima na yenye chaji husoma kama volti 12.6. Sasa washa: ikipanda kati ya 13.8 na 14.4, altaneta inachaji, mchawi yuko kwingine. Ikibaki chini ya 13, cheki kwanza mkanda unaoizungusha altaneta, huenda umelegea. Tatizo la langu lilikuwa terminali ya betri tu, imeota unga wa kijani. Maji ya moto na msasa, likawaka. Ukibadilisha kifaa, omba urudi na kile cha zamani. Akinuna, hama gereji.