Usiisingizie sindano ya mgongo

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva hapa Moshi, nina miaka 47. Miezi mitatu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa ngiri, nikachomwa sindano ya mgongo. Wakati wananiandaa waligundua nina presha, wakanianzishia vidonge ambavyo nameza hadi leo. Tangu nitoke hospitali jogoo hapandi mtungi. Kuna siku naamka asubuhi hali iko kama zamani, lakini nikiwa na mama watoto hakuna kitu. Wenzangu kijiweni wanasema ile sindano imeua mishipa, na kuna mzee wa mitishamba anadai ataitoa sumu ya ganzi kwa chupa tatu. Ni kweli dawa ya ganzi inamaliza nguvu za kiume?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Si kweli, na hizo chupa tatu usizinunue.

Kazi yangu ni usingizi na ganzi, na hofu hii naiona kila mara. Naiona kwa wanaume ambao wameshavua nguo, wameshatundikiwa dripu, halafu wanashuka kitandani kwa sababu shemeji yao amewapigia simu kuwaonya kuhusu sindano ya mgongo. Kwa hiyo nitasema wazi.

Ile sindano tunaichoma chini ya mahali uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Uti huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi huingia chini yake, mara nyingi kati ya ya tatu na ya nne. Dawa inayoingia ni kidogo, bupivakaini ya mililita 2 au 3 hivi. Hulaza mishipa ya fahamu kwa saa 2 hadi 4, kisha damu huibeba na ini huivunjavunja. Siku uliporuhusiwa kwenda nyumbani ilikuwa imekwisha mwilini. Hakuna sumu ya ganzi inayokaa miezi mitatu ikingoja mtu wa kuitoa. Hata dawa za nusukaputi ziko hivyo hivyo.

Ajali za mishipa kuumia kwa sindano zipo, sizifichi, ila ni chache sana, na hazijifichi. Mishipa inayosimamisha uume hutoka eneo moja na ile inayoongoza mkojo na haja kubwa. Ingekuwa imeumia, ungeona tangu siku za mwanzo: mkojo unagoma au unavuja, makalio na mapaja ya ndani yana ganzi, miguu haina nguvu. Mwenye dalili hizo arudi hospitali leo hii. Wewe hujazitaja, na asubuhi unaamka ukiwa sawa. Hiyo asubuhi yako ni ushahidi mkubwa kuliko maneno yote ya kijiweni: mishipa ya fahamu ipo hai na damu inafika.

Sasa rudi kwenye sentensi uliyoipitia haraka. Waligundua nina presha. Wanaume wengi wa umri wako hukutana na mashine ya presha kwa mara ya kwanza wanapoandaliwa kwa upasuaji. Presha ilikuwepo miaka, kimya, ikikaza mishipa ya damu. Na mishipa ya uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2, wakati ile ya moyo ni kama 3 hadi 4. Ndiyo maana uume mara nyingi hulalamika kabla ya moyo. Halafu baadhi ya vidonge vya presha, hasa vya kukojosha maji kama bendrofluazaidi na vile vya kupunguza mapigo kama atenolo, vinaweza kupunguza nguvu za kiume. Upasuaji, presha na vidonge vimekuja wiki moja, lakini lawama yote imebebeshwa sindano kwa sababu ndiyo iliyouma.

Usiache vidonge kwa uamuzi wako. Presha isiyotibiwa italeta kiharusi, na nguvu za kiume haitazirudisha. Chukua boksi la dawa, nenda kliniki, mweleze daktari tatizo kwa jina lake bila kuzungukazunguka. Zipo dawa nyingine za presha zisizosumbua hivyo. Omba upimwe sukari ukiwa hujala kitu. Na kama unauogopea mshono kila unapomkaribia mama watoto, sema pia, maana woga peke yake hubana mishipa ya damu na kuzima kila kitu. Kwa mtu anayesimama alfajiri na kushindwa usiku, woga una sehemu yake.

Nije kwa wauza chupa na vumbi la Kongo, maana hapa uvumilivu unanishinda. Matangazo yao yako kwenye nguzo za umeme kuanzia Moshi hadi Arusha. Mtu anakuuzia unga usio na jina la mtengenezaji, usiosajiliwa popote, na ukifanya kazi ndani ya nusu saa unamsifu. Jiulize ni mzizi gani unafanya hivyo! Mamlaka za dawa, ikiwemo ya Marekani, zimekamata mara nyingi bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa sildenafili kwa siri. Sildenafili ni dawa halali tangu 1998, tunaiandika wenyewe, lakini kwa mgonjwa tunayemjua. Mzee wa mitishamba hakuulizi kama unatumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi. Hizo mbili zikikutana, presha huporomoka na mtu anaweza kufa.

Na wewe unayesubiri kupasuliwa tezi dume, ukitaka nusukaputi kwa kuikimbia sindano, jua kwa nini tunakupendekezea ukae macho. Maji ya kusafishia kibofu yakiingia kwa wingi kwenye damu, dalili za kwanza ni kichefuchefu, kutotulia na kuchanganyikiwa. Aliye macho tunamwona mapema. Aliyelala hawezi kutuambia. Kama umekunywa chupa yoyote ya mitishamba siku za karibuni, mwambie mtu wa usingizi kabla hajakuchoma, hata kama mkeo amesimama pembeni. Sindano ya mgongo yenyewe hushusha presha, na tunahitaji kujua ni nini kingine kilichomo mwilini kinachoishusha.