Maswali na majibu: Mick the Miller na Derby ya mbwa wa White City

Swali la wiki iliyopita kuhusu mbio za mbwa za Uingereza limezaa mengine. Karibu yote yanahusu Derby, kombe kubwa kuliko yote la mchezo huo, lililokuwa likishindaniwa kwenye uwanja wa White City, London, na Mick the Miller, mbwa wa Kiayalandi aliyelichukua mwaka 1929 na 1930.

Nimesoma kwamba fainali ya 1929 ilikimbiwa mara mbili. Kwa nini?

Kona ya kwanza ndiyo iliyoharibu. Mbwa walikuwa wanne tu. Walitoka kwenye vizimba vya kuanzia wakaifika kona wakiwa wamesongamana, wakagongana. Mmoja wao, Palatinus, alipona kwenye vurugu ile akawaacha wenzake na kumaliza wa kwanza. Lakini honi ya waamuzi ilikuwa imeshalia, na honi ikilia mbio ni batili, hata kama mbwa wanaendelea kukimbia kwa sababu hawajui maana yake. Ziliporudiwa jioni ileile, Mick the Miller alishinda kwa sekunde 29.96.

Watu wa Palatinus walikuwa na haki ya kuumia, maana mbwa wao hakumgusa mtu. Hata hivyo uamuzi ulikuwa sahihi: mbio ambazo nusu ya washindani wameangushwa kwenye kona haziwezi kutoa bingwa.

Kugongana kunatokana na mahali pa kuanzia. Kuna mbwa anayependa kubana ukingo wa ndani, na kuna anayepanua kona. Mpe yule mpanuzi kizimba namba 1, na mbanaji kizimba cha nje, njia zao zitakatana palepale wanapoinama kukata kona, kila mmoja ana kilo 30 hivi na kasi ya mita 16 kwa sekunde. Mick hakuwa mwepesi sana wa kutoka. Alichojaliwa ni macho: anapoona msongamano mbele anapunguza kidogo, anasubiri upenyo ufunguke, kisha anapita. Mbwa wengi wenye kasi kumzidi hawakuwa na akili hiyo.

Yadi 525 za Derby ni umbali gani kwetu tunaohesabu mita?

Mita 480. Kwenye mchujo wa Derby ya 1929 Mick alizimaliza kwa sekunde 29.82, na alikuwa wa kwanza kushuka chini ya sekunde 30 kwa umbali huo. Ni wastani wa kilomita 58 kwa saa, tena kuanzia amesimama. Kwa kulinganisha, rekodi ya dunia ya mita 400 kwa binadamu ni sekunde 43.03.

Makoti ya rangi yana maana gani? Na kwa nini mbwa wanafungwa midomo?

Koti linaonyesha kizimba. Kwa utaratibu wa Uingereza namba 1 ni nyekundu, 2 buluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 rangi ya chungwa, na 6 ni milia myeusi na myeupe. Kifunga mdomo ni cha waya au plastiki na kinamwachia mbwa nafasi ya kuhema. Kinazuia kung'atana, na ncha yake humsaidia mwamuzi anayesoma picha ya mstari wa mwisho pua mbili zinapofika pamoja.

Je, sungura alikuwa wa kweli?

Hapana. Sungura wa bandia alikuwa kazi ya Mmarekani Owen Patrick Smith, aliyefungua uwanja wake Emeryville, California, mwaka 1919. Uingereza ilianza Belle Vue, Manchester, tarehe 24 Julai 1926. Sungura hufungwa kwenye kigari kinachoteleza juu ya reli, na mtu aliyekaa mnarani huongeza au kupunguza umeme huku macho yake yakiwa kwa mbwa anayeongoza. Akimwacha sungura karibu mno, mbwa wa mbele atamfikia na mbio zitavurugika. Akimpeleka mbali mno, walio nyuma hawamwoni tena, wanalegea. Mwendeshaji mzuri hushika umbali uleule kwenye sehemu zilizonyooka na kwenye kona, nayo si kazi ndogo, kwa sababu mbwa hupunguza kasi konani ilhali kigari hakihitaji kupunguza.

Ilikuwaje Mick akanyimwa kombe la tatu?

Mwaka 1931 alifika wa kwanza kwenye fainali, akiwa na miaka 5, umri ambao mbwa wengi wa mbio wameshastaafu. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Lakini katikati ya mbio mbwa mwingine, Ryland R, alikuwa amemgeukia mwenzake kumshambulia, na waamuzi wakazifuta. Zikarudiwa, akashinda Seldom Led. Kanuni ileile iliyompa Mick kombe la 1929 ndiyo iliyomnyang'anya hili. Mwaka huohuo alishinda kombe jingine, St Leger, kwenye uwanja wa Wembley, yadi 700, yaani mita 640, kisha akapumzishwa. Ilimchukua Patricia's Hope hadi 1973 kuwa mbwa wa pili kutwaa Derby mara mbili.

White City bado upo?

Haupo. Ulijengwa kwa Olimpiki ya 1908, ukafungwa 1984 na kubomolewa. Derby ikahamia Wimbledon. Wakenya wana sababu yao ya kuukumbuka: Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro walikimbia hapo mwaka 1954. Hata mechi ya Uruguay na Ufaransa ya Kombe la Dunia la 1966 ilichezwa hapo, kwa sababu jioni ile Wembley ilikuwa na mbio za mbwa na wenye uwanja hawakukubali kuziahirisha.

Mick amezikwa wapi?

Hakuzikwa. Alikufa mwaka 1939, ngozi yake ikahifadhiwa, na yuko kwenye jumba la makumbusho la Tring, Hertfordshire, amesimama kwa miguu minne.