Barua kwa mwanangu: namna ya kuwauliza wenzako wa chuo kuhusu picha za nusu uchi

Lindi

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Sote tu wazima. Umeandika kwamba darasani wenzako wanasema video za kukata mauno na picha za nusu uchi kwenye status ni mambo ya kawaida, ila usiku bwenini wasichana hao hao wanalalamika kuwa zinawakera. Sasa umeifanya mada ya utafiti wako wa mwaka wa tatu, na unauliza uwahoji vipi wanafunzi wa hapo Mtwara wakwambie ukweli.

Hiyo tofauti ya darasani na bwenini usiione kikwazo, ndiyo utafiti wenyewe. Wanasaikolojia Prentice na Miller walionyesha mwaka 1993, kwa wanafunzi wa Princeton huko Marekani, kwamba wengi waliamini wenzao wameridhika na unywaji pombe wa chuoni kuliko walivyoridhika wao. Kila mmoja ananyamaza kwa kuwahofia wengine, kumbe nao wamenyamaza. Basi kila jambo liulize mara mbili: "Mimi hukerwa na video hizi", halafu "Wanafunzi wengi wa chuo hiki hukerwa na video hizi". Weka ngazi 5, kuanzia nakataa kabisa hadi nakubali kabisa, kisha linganisha wastani wa sentensi hizo mbili. Zikae kurasa tofauti. Zikifuatana, mtu atazilinganisha mwenyewe ili asionekane anajipinga.

Linalowashinda wengi kwenye mada hii ni kutotaja nani anatazama. Mtwara na Lindi si sawa na kwingine: wengi wa wasichana utakaowahoji wamepita unyagoni, wamefundwa na makungwi, na wameona mauno yakikatwa mbele ya wanawake peke yao, bila mwanamume hata mmoja kati yao. Ukiandika "Ngoma za kukata mauno zinadhalilisha wanawake", mmoja atajibu akiwaza unyago na mwenzake akiwaza simu, nawe utajumlisha vitu visivyojumlishika. Andika mbili: akicheza mbele ya wanawake wenzake, na akicheza mbele ya mtu anayerekodi. Wanasaikolojia Fredrickson na Roberts, mwaka 1997, walieleza jinsi mwanamke anavyozoea kuutazama mwili wake kwa jicho la mtazamaji wa nje. Mimi nadhani majibu yako yatagawanyika hapo, kwenye jicho, kuliko kwenye mauno yenyewe. Lakini hiyo ni dhana yangu. Usiipenyeze kwenye dodoso, yaani karatasi yako ya maswali. Vivyo hivyo "mmomonyoko wa maadili" usiuandike popote, maana ukishausoma umeshaambiwa ujibu nini.

Epuka sentensi yenye mambo mawili, kama "Mavazi na nyimbo za siku hizi zinanikera". Anayekerwa na moja tu atajibu nini? Na nusu ya sentensi zielekee upande wa pili, mfano "Video hizi hazinikeri", kwa sababu watu wetu wana adabu ya kumkubalia anayeuliza. Ukiona mtu amekubali zote, hata zinazopingana, hakusoma.

Kwa swali zito, mfano kama amewahi kutuma picha yake ya utupu, tumia sarafu. Njia ya namna hii ilianzishwa na mtafiti Warner mwaka 1965. Kila mtu arushe sarafu ya 200 peke yake. Ikiangukia upande wa Karume aandike Ndiyo, iwe kweli isiwe kweli. Ikija simba, ajibu ukweli. Katika watu 200, kama 100 watasema Ndiyo kwa sababu ya Karume. Ukipata Ndiyo 130, zile 30 zilizozidi zimetoka kwa 100 waliojibu kweli, yaani asilimia 30, na hakuna anayejua ni nani. Ila nusu ya majibu yako yamekwenda na sarafu, kwa hiyo ukiwa na watu 60 usijaribu.

Usigawe dodoso kwenye kundi la WhatsApp: watajibu wenye hasira na wenye bando. Chukua orodha ya majina; yakiwa 1,000 nawe unataka 200, chagua kila la tano, ukianzia namba uliyookota kwa bahati kati ya 1 na 5. Karatasi ziingie sandukuni, wewe ukiwa mbali. Usiulize jinsia, kozi, mwaka na kabila kwa pamoja, maana kwenye kozi yenye wasichana 6 utakuwa umemtaja mtu kwa jina. Jinsia na mwaka vinatosha. Wa chini ya miaka 18 waache, na wapo mwaka wa kwanza. Usibandike wala kukusanya picha ya mfano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitakusikiliza ukisema ni utafiti. Mwisho wa karatasi weka namba 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa kuwa mada hii huibua habari za rushwa ya ngono, na aliyeguswa asiondoke mikono mitupu.

Jaribu kwanza kwa watu 10 wasio kwenye orodha, uwaombe wakueleze kila sentensi wameielewaje. Kisha nitumie rasimu kabla hujalipia kopi. Isizidi karatasi moja, pande mbili.

Mama yako