Jibu: Filamu gani ya kamera ya kuanzia kusafisha picha mwenyewe nyumbani, na je, lazima chumba cha giza?

Mkuu, chumba cha giza si lazima. Filamu unaizungushia kwenye spuli ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, unaifungia kwenye tangi lisilopitisha mwanga, kisha unasafisha mezani taa ikiwaka. Chukua Ilford HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kushika mwanga), inavumilia sana ukipima mwanga vibaya. Jua kali la mchana, weka f/16 (tundu la lenzi) na spidi ya shata sekunde 1/500.

Kusafisha kwa ID-11, dawa ya kutokeza picha kwenye filamu, bila kuizimua kwa maji zaidi ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Hapo ndipo pagumu kwetu Dar: maji ya bomba yana joto, kwa hiyo chupa ya dawa ikae kwenye beseni la barafu mpaka kipimajoto kishuke hadi 20. Studio usiwape waisafishe kwa dawa za filamu ya rangi, zitafuta picha zote.